Wageni wa Keko Wameshaondoka Huku

Leipzig, mwanzo wa Oktoba

Mdogo wangu Mwanahawa,

Kabla hujaendelea kusoma, inuka umpe mama shikamoo yangu na umshike mikono. Najua unamsomea barua hii hapo barazani, na atauliza kwanza kama nakula. Mwambie nakula, ila viazi vimenichosha. Kikohozi cha baridi ya mwaka jana kimeniachia. Goti lake linaendeleaje? Na sukari inapatikana dukani, au bado anakunywa chai huku amekunja uso?

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaikunja kwa aibu. Unalalamika kwamba habari ya kozi yangu kuongezwa mwaka mzima umeipata kwa Ba'mdogo, si kwangu. Ni kweli. Wakubwa wa kiwanda kule Wazo wanataka nirudi nikiijua mashine ya kusaga saruji mpaka skrubu ya mwisho. Nilishindwa kukuandikia, kwa sababu ni mimi niliyekuambia, baada ya kumzika baba, usiolewe mpaka nirudi, mkono wa Saidi nitaushika mwenyewe siku ya ndoa. Mwaka wa pili sasa, na wazee wa Saidi kule Lindi wanauliza kama posa yao ilipokelewa au iliwekwa rafuni.

Ngoja kwanza nikupe habari za bustani. Jumapili huwa naenda bustani kubwa ya mji huu. Ukiizunguka kwa miguu unarudi na njaa. Kuna mto, na banda la mitumbwi ya kukodi. Humo bandani, juu kwenye maboriti, ndimo wanamozaliwa wale mbayuwayu wetu, wale wale wanaojipanga kwenye nyaya za simu mbele ya karakana ya baba hapo Keko mvua za vuli zikikaribia! Unakumbuka alivyokuwa akipiga kelele: "Nyie, ingizeni mbao ndani, wageni wameshafika!" Mimi nilidhani neno wageni ni utani wake. Niliwahesabu kuwa watu wa Keko wanaokwenda kutembea tu.

Nilipowaona hapa mwezi wa Mei nilifurahi mpaka nikawasalimia kwa Kiswahili na kuwamwagia makombo ya mkate. Bibi anayekodisha mitumbwi akanifokea: "Hao hawali mkate, wanakula wadudu angani. Unaniitia panya!" Tangu siku hiyo tumekuwa marafiki. Nikifika ananipa kiti chake, mimi nakaa natazama juu mpaka shingo inauma.

Mwezi uliopita vifaranga wa kwanza waliondoka. Nikamuuliza bibi nani anawaongoza.

"Hakuna. Baba na mama bado wako hapa, wana wengine kiotani."

"Hawawasubiri?"

Akanitazama kama vile nina homa. "Wakisubiri, baridi itawakuta hapa. Kila mwaka naokota wachache waliochelewa, wamekufa hapo chini."

Jumapili hii nimekuta banda kimya. Wote wamekwenda. Nilikaa kwenye kile kiti nikalia, Mwanahawa, na bibi akajifanya anafunga mitumbwi. Nimewaonea wivu ndege, mtu mzima mimi! Watafika Keko kabla yangu. Watamsikia mama akikuita, na mimi nitakuwa huku nakwangua barafu dirishani.

Ba'mdogo alikushauri muende kwa kadhi akuozeshe yeye, kwa kuwa mimi niko mbali. Ukakataa, ukaniandikia: "Kaka yangu yu hai, namsubiri." Maneno hayo yalinipendeza, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka nyumba nitakayorudi iwe ile ile niliyoiacha, wewe ukiwa ndani yake. Nimekuzuia kwa ajili ya upweke wangu. Nisamehe.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimempa Ba'mdogo uwakala akuozeshe kwa Saidi badala yangu. Wameshuhudia wenzangu wawili, mmoja wa Tanga na mwingine wa Unguja. Mpelekeeni shehe. Na zile mbao za mninga alizoziacha baba kwa ajili ya kitanda chako, nilizokataza zisiguswe, mpe Saidi azirande. Randa alifundishwa na baba huyo huyo. Kitanda kikichechemea, nitajua ni uvivu wake.

Nisalimie Ba'mdogo, mwambie aushike mkono wa Saidi kwa nguvu, asimwonee haya. Msalimie shangazi, na jirani yetu wa vitumbua, naye siku hiyo akukaangie vyangu uvile wewe. Mama asilie sana. Akilia, mwambie na mimi nimeshalia kwa niaba ya wote.

Wale wageni wakitua kwenye nyaya, usihesabu tena miezi yangu. Ingiza mbao ndani, uolewe.

Kaka yako akupendaye,
Hamisi