Senene wa Kwenye Kona

Nyumbani, Nshamba,
Muleba.
Jumanne, 14 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi Jovitha,

Kabla hata sijakusalimu, naomba nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, wala mama. Zile kalamu za wino ulizonitumia kutoka Mtwara za kuchorea ramani hazijachora ramani hata moja. Zinachora katuni. Yule mchoraji wanayemwita Senene, ambaye baba alikutumia michoro yake kwenye simu akakuandikia "ona vichwa tulivyo navyo huku kwetu", ni mimi.

Sasa shikamoo, waitu, kwa heshima zote. Hamjambo wewe na wadogo zangu? Mgongo unaendeleaje, bado wanakupanga zamu za usiku wodini? Sisi wazima. Mama yuko Buhembe tangu wiki iliyopita, anamuuguza bibi aliyeteleza kwenye matope akaumia mguu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemenya ndizi za ebitoke na baba ndiye anayezilalamikia. Mvua inanyesha kila siku. Senene wameanza kuanguka kwenye taa lakini wachache, na kila aliyepata kisahani kimoja cha kukaanga anatangaza debe.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni ya baba, na baba husoma kila kinachoingia, hata cha kwako.

Nikueleze ilivyoanza. Ismail wa steshenari pale gulioni hutoa karatasi ya matangazo kila Alhamisi: misiba, viwanja, bei ya kahawa, nani kapoteza mbuzi. Chini upande wa kulia palikuwa na nafasi tupu, akaandika "nafasi hii inauzwa". Haikununuliwa. Asubuhi moja nikienda shule nikapitisha mchoro chini ya mlango wake, nikakimbia. Jina sikuandika, kwenye kona nikachora senene mmoja tu. Alhamisi nikaukuta umechapishwa.

Tangu hapo ni kila wiki, na Ismail hajui ni nani. Huzungumza nami kwa vikaratasi anavyobandika kwenye kioo cha duka. "Ndugu Senene, punguza wino, mashine inachafuka." "Ndugu Senene, karibu chai, usiogope." Mimi huvisoma nikiwa nimesimama palepale nanunua daftari. Siku moja akaniambia, "Binti, ukimwona mzee mgeni mwenye wino vidoleni, uniambie." Nikaficha mikono nyuma ya daftari nikasema ndiyo.

Maana wote wamekubaliana kwamba Senene ni mwanaume, ana umri kidogo, na amesoma. Baba anasema amesoma Makerere. "Mkono wa Makerere huu, unauona tu." Kisha akanigeukia, "Wewe Agnetha ungekuwa na robo ya akili ya huyu bwana, tungeshapumzika." Nikamwongezea maharage. Unanijua, mimi nikiitwa darasani nasimama nikiwa nimesahau hata swali.

Shangazi, nilidhani kazi ni kuchora. Kuchora ni rahisi. Kazi ni kupata cha kuchora, na hapo ndipo nilipoanza kuwadharau watu, Mungu anisamehe, hata wale ninaowaamkia kila siku. Kila mtu anataka achorwe jirani yake. Mzee Kahangwa alisimama pale dukani mpaka chai ya Ismail ikapoa: "Mwambie huyo Senene amchore Mwesiga. Ng'ombe wake wanalala kwenye migomba yangu kama wamelipia chumba." Kesho yake Mwesiga huyo hapo: "Amchore Kahangwa, tena aiweke na ile kofia." Mwalimu wa nidhamu akashauri ichorwe faida ya elimu. Sasa faida ya elimu inachorwaje? Mwinjilisti akasema walevi. Walevi wakasema wake zao. Hajatokea hata mmoja wa kusema nichore mimi, kuna mahali nimekosea.

Na huyo Ismail anayejiita mhariri. Kila wiki kioo kinapata katazo jipya. Shule nisiguse, ndizo zinazomletea mitihani ya kuchapa. Wachungaji na masheikh nisiguse, maharusi wote hupitia kwao kabla ya kuja kwake kuchapa kadi. Wenye maduka nisiguse, wanatangaza. Wafiwa nisiguse, hilo nakubali. "Chora bei ya kahawa," ameandika, "hiyo haina mwenyewe." Nimeshaichora bei ya kahawa mara nne. Ni kama kuchora mawingu. Watu wanaitazama, wanatikisa kichwa, wanafungia vitumbua.

Nikaona basi nimchore mtu, liwalo na liwe. Unamkumbuka Kyaruzi, mwenye biashara ya matairi huko Dar, anayekuja likizo na magari mawili ili la nyuma lipige picha la mbele. Mwezi wa nane alikuja kufungua bomba alilotujengea hapa kitongojini. Baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya bomba, na ndiye aliyeshika mto uliowekewa mkasi. Utepe ukakatwa, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele, Kyaruzi akanawa uso mbele ya simu zote. Ndoo chache za kwanza zikajaa. Tangu jioni ile bomba halijatoa hata tone. Mvua yote hii inatunyeshea, na kitu pekee kikavu kitongojini ni lile bomba.

Nikampa tumbo kama tangi kubwa la shule. Bomba nikaliweka kitovuni. Watu wamepanga foleni na ndoo zao, na yeye amebana pumzi, koki ameifumbata kwa mikono miwili isitoe. Nilijua nimemmaliza. Alhamisi ile nikawa nasubiri baba aje aseme kijiji kimewaka moto.

Shangazi, mtu huyo alifurahi. Alipiga simu kutoka Dar, baba akaiweka spika tusikie wote.

"Mwenyekiti, umeniona?"

"Nimekuona, mheshimiwa. Umejaa karatasi nzima."

"Mimi ndiye tangi la watu wangu. Huyo bwana anajua heshima. Ila mwambie safari nyingine asisahau miwani yangu. Na gari."

Na watu nao hivyohivyo. Kwamba kweli Kyaruzi ana mwili, ana afya, Dar imemkubali. Huku kwetu mtu akichorwa mkubwa ameshasifiwa, mengine yote hawayaoni. Nilikuwa nimemtukana, yeye akasikia pongezi. Sasa amechapisha fulana. Baba alileta moja jana. Ina tumbo nililochora mimi, koki niliyochora mimi, na senene wangu kwenye kona, karibu na kwapa. Ndizo zitakazovaliwa na kamati Jumamosi hii, Kyaruzi anapokuja kufungua bomba la pili, kule juu karibu na kanisa.

Ngoja nifike kwenye jambo lenyewe, nimelizunguka vya kutosha.

Yale maji ya mwezi wa nane hayakutoka kwenye chanzo chochote. Tuliyabeba. Jioni ya kuamkia sherehe baba alitukusanya vijana, akasema mabomba yanaoshwa, tukapanda na madumu kutoka kijitoni. Yeye alikuwa juu ya ngazi, anapokea na kumimina tangini, shati limemganda mgongoni. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Nilijua. Kila aliyekuwa na dumu mkononi alijua. Hao akina mama wa vigelegele ndio waliotuazima madumu.

Na leo asubuhi, akinywa chai, baba ameniambia niyaoshe madumu yote. Ijumaa tunapanda tena.

Nikamuuliza, sijui nilitoa wapi sauti, "Kwa nini, baba?"

"Ni kumstahi mgeni tu. Mtu katoka Dar, afungue bomba litoe upepo?"

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni siku ya ibada," akasema, akaomba sukari.

Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa nahangaika na tumbo la mtu wa Dar, na katuni yenyewe ilikuwa juu ya ngazi, imevaa shati ninalolifua mimi. Mwalimu wetu wa Kiingereza hutuambia tuandike juu ya kitu tunachokijua. Hajawahi kutuambia kitu hicho kikikaa nawe mezani kikaomba sukari ufanyeje.

Nimeshaichora, nimerudi kutoka shule nikaanza nayo. Ipo hapa karibu na kiwiko changu. Kyaruzi safari hii nimemfanya mdogo, mdogo kama kifaranga, yuko chini kabisa anafungua koki huku anatafuta simu za kumpiga picha. Miwani nimemwekea. Kilichojaa karatasi ni ngazi, na juu ya ngazi ni baba, na dumu, na kile kipara ambacho hata huko Mtwara utakitambua. Chini ni mstari wa vijana. Wa tatu ana sketi ya shule. Nilitaka kumchora amegeuka nyuma, nikajiona mnafiki kuliko Ismail, nikafuta, nikampa sura yangu.

Kesho asubuhi ama naipitisha chini ya mlango wa duka, itoke Alhamisi kabla ya hiyo sherehe, ama nachora bei ya kahawa mara ya tano.

Unajua ninachokiogopa? Si kuchapwa, baba hajawahi kunigusa. Wala si kwamba atavuliwa uenyekiti, hao wanakamati wenzake hawana uso wa kumvua mtu chochote. Jana aliivaa ile fulana akasimama mbele ya kioo cha kabati, akasukuma tumbo mbele, na wewe unajua hana tumbo. Akasema, "Iko siku huyu Senene atanichora na mimi." Hakuwa anatania. Ile karatasi ya Alhamisi anaanza na katuni kabla ya misiba. Mimi nilidhani anacheka. Kumbe anajitafuta.

Ninachokiogopa ni kwamba atajiona juu ya ngazi, mkubwa, amejaa karatasi nzima, na atafurahi. Ataikata kwa mkasi aibandike sebuleni, juu ya picha yao ya harusi. Kyaruzi nimeweza kumdharau nikalala usingizi wangu. Ismail namdharau huku nahesabu chenji aliyonipa. Baba akicheka mbele ya mchoro ule, sijui nitamtengea chakula kwa macho gani.

Wewe ni dada yake, mmekua wote. Ulinisimulia alivyotembea mpaka Buganguzi na mvua, akiwa mdogo kuliko mimi, kurudisha shoka la watu alilolichukua kwa kudhani ni la kwenu, na mwenye shoka wala hakuwa ameona kama halipo. Ulisema alirudi analia kwa aibu. Mimi mtu huyo sijawahi kumwona. Nataka kujua kama bado yumo.

Nisalimie Joanitha na Rwekaza, waambie dada yao anawakumbuka, na Rwekaza aache kula kalamu za watu. Nisalimie na jirani yako Salma aliyekifunga kile kifurushi vizuri hata wino haukumwagika. Bibi wa Buhembe akipata nafuu mama atakuandikia mwenyewe. Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe wagonjwa wanaopona na mgongo usiouma.

Wako akupendaye, ambaye sasa unajua anazifanyia nini kalamu zako,

Agnetha

Geti limelia. Ni baba, namjua kwa kandambili. Amepita jikoni kwanza, anauliza madumu yako wapi. Siku zote muda huu karatasi zingekuwa zimeshaingia chini ya godoro na mimi nimefungua kitabu cha Jiografia. Mkono umeshazikunja nusu. Nazikunjua. Anakuja huku, anaburuta mguu kama afanyavyo akichoka. Hii barua naisogeza pembeni, mchoro nauweka katikati ya meza, nimeugeuzia mlangoni ausome bila kupinda shingo. Mimi sitautazama. Nitamtazama yeye usoni.