Dirisha, Paka na Koo la Mama

Kigera, Jumamosi. Upepo wa ziwani umetulia tangu asubuhi, jua linawaka kwelikweli, na mimi nina silikoni ya kuzibia nyufa mpaka kwenye nywele. Lakini moyo mweupe. Leo nimeshinda.

Kwa asiyepajua kwetu: nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko wa mawe, kwa hiyo chini ya sebule kuna chumba ambacho nusu yake imezama ardhini. Hicho ndicho studio yangu. Kina dirisha moja dogo karibu na dari, linaloangalia barabarani, usawa wa miguu ya wapita njia. Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kusaga. Shida yangu yote iko hapo.

Nilikuwaga navumilia. Nasubiri watu wamalize kusaga unga wao, ndipo narekodi. Safari hii nafasi ya kusubiri haikuwepo. Jumatatu mama yangu anafanyiwa upasuaji wa koo Mwanza, na daktari amesema wazi kwamba sauti inaweza isirudi kama ilivyo. Mama ndiye anayeanzishaga nyimbo kwenye kwaya yetu tangu sijazaliwa. Kila nikimwomba aje studio alikuwa anakataa, eti sauti yake ni ya kanisani, siyo ya kwenye mashine. Wiki hii amekubali mwenyewe.

Basi nikalivamia dirisha. Watu wananishauri nizuie kelele kwa trei za mayai. Jamani, trei za mayai wekeeni mayai! Kelele inapita penye mwanya na inazuiwa na uzito. Nikaziba kila ufa wa fremu, nikatengeneza kasha la mbao, nikalifunga upande wa nje, nikaacha nafasi ya hewa kati yake na kioo. Ndani ya kasha nilitaka kitu cha kushindilia. Nikazikuta nyavu kuukuu za mama, zile alizokuwa anaanikia dagaa kule Bukima. Nikazishindilia zote.

Mashine ya kusaga ikapotea kabisa. Nilicheza peke yangu mle ndani.

Jana mchana akaja Mwalimu Magesa, kiongozi wa kwaya, na wenzake. Mama akaanza ubeti wa kwanza taratibu, kimya kimetanda. Nyaaau! Nikadhani ni masikio yangu tu. Nyaaau tena, halafu kwaru, kwaru, ukoo mzima unakwaruza kasha. Paka wote wa Kigera walikuwa wamenusa dagaa! Mama alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama hao ndio sauti ya tatu. Mwalimu hakucheka. Alisema tutajaribu tena leo Jumamosi, mara moja tu, basi, koo la mgonjwa lisichoshwe bure.

Nilimwelewa. Nilikasirika pia, lakini nilimwelewa.

Leo kumekucha niko nje. Nimetoa nyavu, nimesugua kasha kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikachubuka, nimelijaza mchanga mkavu kwenye viroba na blanketi zito juu yake, kingo nimeziziba upya kwa silikoni. Paka walikuja, wakanusa, wakaondoka wamenuna.

Kwaya ilipofika, foleni ya wenye mahindi ilikuwa imejaa pale ng'ambo. Nikavaa hedifoni. Hakuna mashine, hakuna pikipiki, hakuna paka. Mama akaimba wimbo wote kwa mara moja. Kazi yangu ile! Naisema bila aibu.

Ila kimya kilikuwa safi kiasi kwamba nikasikia kitu ambacho kanisani sijawahi kukisikia. Kabla ya kila mstari, mama anavuta pumzi kwa shida, inakwaruza. Sikujua anaumia hivyo. Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika vitufe.

Baadaye Mwalimu akaniomba nizikate zile pumzi ili wimbo utulie. Ni kazi ndogo tu kwangu. Nikamvalisha mama hedifoni kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani, hajawahi kujisikia akiimba maisha yake yote.

"Ziache," akasema. "Ndo mimi huyo."

Nimeziacha zote.

Naogopa Jumatatu, sitajidanganya. Lakini kasha silitoi dirishani. Mama akirudi, kwa sauti yoyote atakayorudi nayo, atakaa palepale mbele ya maiki, na mimi nitaisikia vizuri.