Barua ya Hisa Yenye Jina Lako

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, na mimi nina hasira, kwa hiyo nikivuka mipaka unisamehe. Usiponisamehe pia sawa.

Mama ameuza vyerehani vyake vyote, hata kile cha kudarizi ambacho mimi mwenyewe sikuruhusiwa kukigusa. Alipata barua pepe yenye jina lako, ikimhimiza anunue hisa za kampuni fulani ya madini kabla hazijapanda. Akauza, akanunua. Haukupita muda bei ikaporomoka. Kumbe walioeneza barua hiyo walikuwa na hisa hizohizo tayari, wakawauzia watu kama Mama bei ilipopanda, wakaenda zao. Washenzi wakubwa! Leo Mama anatia vifungo katika karakana ya binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushona.

Nilikwenda polisi, wakataka hiyo barua. Mama akasema ameifuta, na akakataa katakata kusema ilitoka kwa nani. Nikamfokea mama yangu, Mungu anisamehe. Bahati nzuri nami nilikuwa nimeletewa ileile, nikaipuuza. Nikampelekea fundi wa kompyuta. Akanieleza kwamba mtu yeyote anaweza kubandika jina la mtumaji analotaka, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lako nyuma ya bahasha, na kwamba majina ya ndugu huibwa kwenye orodha za anwani. Akaifuatilia hadi kwenye kompyuta ya kliniki ya meno. Daktari hakujua lolote. Mashine yake iliingiliwa na watu wa mbali, nao wamejificha nyuma ya mashine nyingine, na nyingine tena. Nilitaka mtu wa kumkaba koo, nikaambulia daktari wa meno anayenipa pole.

Nilipomweleza Mama, ndipo aliposema kweli. Aliifuta ili usifungwe. Alidhani shida zimekubana ukaamua kumlaghai, na alikuwa tayari kufa na siri hiyo. Nikamuuliza, yeye asiyemwamini hata muuza nyanya, aliamini vipi upuuzi ule? Akajibu kwamba tangu uhame hujamwandikia hata mstari mmoja, na ile barua ilianza kwa kumuuliza hali yake.

Sasa anajua hukumwibia. Anajua pia hukumwandikia, na hilo ndilo lililomliza.

Wasalimie wifi na watoto. Mimi usinijibu. Mwandikie yeye, kwa kalamu, auone mwandiko wako.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo