Zamu Yangu ya Lifti

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu hamjambo, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mwili wangu ni mzima; ya moyoni utayasoma.

Kama ujuavyo, tangu mdogo wetu anifuate hapa gereji, mimi nashika giaboksi na breki, yeye umeme. Mafundi tuko sita na lifti ya kunyanyulia magari ni moja, kwa hiyo tunaitumia kwa zamu. Mwaka huu akazuka na kazi ya kufunga taa za rangi chini ya magari. Gari likipita jioni utadhani linaelea juu ya maji ya buluu. Wateja wakamiminika, wakambatiza jina la Injinia. Na mimi niliyemfundisha kushika spana, miaka kumi na tisa nikilalia mgongo kwenye oili, nikawa "kaka yake Injinia". Nilicheka nao, dada, lakini kicheko changu kiliishia kwenye meno.

Jumanne iliyopita zamu yangu ilikuwa saa sita. Hadi saa nane gari la mama mmoja mshonaji lilikuwa bado juu ya lifti, mdogo wetu akilifungia taa. Nilipomkumbusha, Injinia alinisihi nimvumilie kidogo, akatoka mbio kununua fyuzi. Nikaingia chini ya gari lile kumtafutia kosa. Sikuliona. Nyaya zilikuwa zimelala kama nywele zilizosukwa, zimefungwa vizuri, mbali kabisa na ekzosi. Mimi mwenyewe nisingeiweza kazi ile.

Kesho yake gari lilirudi likivutwa. Waya ulining'inia, ukagusa ekzosi, ukaungua, moshi ukajaa ndani mama akiwa njiani na mjukuu wake. Walitoka salama, namshukuru Mungu. Mwenye gereji akampiga mdogo wetu marufuku kugusa lifti. Hakubisha. Alimwomba mama yule radhi hadi machozi yakamtoka, kisha akanigeukia: "Kaka, lazima nilisahau kufunga. Ningekuwa makini kama wewe yasingenikuta."

Dada, hakusahau. Nilikata vifungo viwili kwa kisu changu, nikauvuta waya ule ulegee. Nilijiambia kwamba taa zitazimika tu, wateja wamcheke kidogo. Moto sikuufikiria. Hapana, nisikudanganye na wewe: fundi wa miaka yangu anajua ekzosi inavyochoma. Nilijua, na wivu ukaniziba masikio.

Anayekukabidhi barua hii ni yeye mwenyewe. Ameapa hashiki waya tena, anakuja kwako kutafuta kibarua chochote. Nimeshindwa kumwambia usoni. Kila nilipofungua kinywa, alikuwa ananishukuru kwa kumlea. Ukimaliza kuisoma, mpe naye aisome, akiwa amekaa, wewe ukiwa karibu. Mwenye gereji na mama mshonaji nitawaeleza mwenyewe kesho asubuhi, liwalo na liwe. Akitaka kurudi, arudi. Asipotaka hata kunisikia, usimlazimishe.

Wabusu watoto, msalimie shemeji. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako, niliyewakosea.