Mtihani wa Chuo au wa Kawaida

Jumatatu, 3 Februari

Kliniki ya watoto. Wachache tu. Ni kumi la mwisho la Ramadhani, akina mama wamechoka. Nimepima, nimechanja, nimejaza kadi. Saa tisa nikarudi nyumbani, nikafungua bahasha ya wakala wa kazi za nje kwa mara ya tatu.

Hospitali moja ya Uingereza inanitaka. Inamtaka pia Rehema, nesi mwenzangu wa zahanati ya Nyamisati. Tulisoma naye chuo kimoja cha uuguzi. Viza haitoki bila cheti cha mtihani wa Kiingereza. Tatizo, mtihani si mmoja. Upo wa Wamarekani, huo hospitali hawautaki. Upo wa Waingereza, nao una aina mbili: wa chuo na wa kawaida. Barua ya hospitali haisemi upi. Wakala anasema tufanye wa kawaida, ni mwepesi. Ana ofisi Kariakoo, ana tai, ana simu mbili mezani. Moja sijawahi kuisikia ikilia.

Tumejiandikisha wa kawaida, wote wawili. Mtihani ni Machi 15, Dar.

Festo anasema niende tu. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kipate mmiliki mpya naye apunguzwe, mume wangu anauza mitumba sokoni hapa Kibiti. Hasemi mengi siku hizi. Zamani alikuwa msemaji.

Alhamisi, 13 Februari

Rehema amekuja Kibiti kuchukua chanjo. Kaleta kamba wakavu. Tumekaa ukumbini kwangu tukajipima. Swali: andika barua kwa mwenye nyumba, umlalamikie kuwa chombo cha kupasha joto kimeharibika. Rehema akacheka mpaka akashika mbavu. Hapa tunatafuta wa kutupunguzia joto.

Amemaliza barua yake wakati mimi niko aya ya pili. Nimeisoma. Nzuri. Imenyooka. Mimi ndiye mkubwa, ndiye niliyekuwa namsahihishia daftari chuoni. Sikupenda.

Alhamisi, 20 Februari

Nimempigia wakala kutoka posta. Foleni saa nzima. Anasema hospitali imebakiwa na nafasi moja kwa watu wetu, si mbili. Atakayetangulia kuleta cheti kizuri ndiye.

Nikamuuliza kama amemwambia Rehema. Akasema Nyamisati hakuna simu, nimwambie mimi.

Jumatatu, 24 Februari

Barua imekuja. Si ya wakala. Mwezi Desemba niliwaandikia mwenyewe wale wanaosajili wauguzi kule Uingereza, kuuliza tu. Sikutegemea jibu. Wamejibu kurasa mbili.

Nimesoma na kamusi pembeni. Ukurasa wa pili, mstari wa nne: muuguzi wa nje atapokelewa kwa cheti cha mtihani wa chuo tu. Cha kawaida hakikubaliwi. Bila kusajiliwa hakuna barua ya kazi. Bila barua ya kazi hakuna viza.

Kwa hiyo wakala alikosea. Au hakujali. Kwangu ni yale yale.

Kubadilisha aina ya mtihani mwisho ni Jumatano ijayo, Machi 5. Lazima fomu iwe na saini ya mwenyewe.

Jambo la kwanza nililofikiri: mimi nimejua, Rehema hajui. Naliandika hapa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 25 Februari

Fomu ya mtihani wa chuo ninayo, wakala alitupatia za aina zote mwanzoni. Nimejaza, nimetia saini. Festo anakwenda Dar kesho kufuata marobota ya nguo. Ataipeleka.

Aliuliza, "Na ya Rehema?"

Nikasema Rehema itabidi atie saini mwenyewe. Ni kweli. Ni kweli na ni uongo.

Jumatano, 26 Februari

Festo kaondoka alfajiri. Mchana pikapu ya samaki ya Nyamisati ilisimama mbele ya kituo chetu cha afya, dereva ana jipu shingoni. Nimelipasua, nimelisafisha, nimefunga. Anarudi Nyamisati leo leo. Angeweza kubeba kikaratasi. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa gauni langu.

Nikamwambia asiloweshe kidonda. Akaenda.

Ijumaa, 28 Februari

Festo amerudi. Fomu imepokelewa, imegongwa muhuri. Mimi sasa ni wa chuo.

Nimeanza mazoezi mapya. Si barua tena. Ni grafu: mauzo ya miavuli katika mji fulani, eleza kwa maneno mia na hamsini. Mstari unapanda, mstari unashuka. Naandika, nafuta. Nusu saa nina sentensi sita.

Wodini mama mmoja kajifungua bila glavu, maana siku hizi mgonjwa anakuja nazo mwenyewe na yeye hakuwa nazo. Nimetumia jozi yangu ya akiba. Mtoto wa kike. Bibi yake kaniombea dua ndefu, nifike ninakokwenda. Sikuitikia amina vizuri.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua tangu asubuhi. Siwezi kusoma. Nikiwaza grafu naona Rehema kaketi Dar, Machi 15, anaandika barua safi kwa mwenye nyumba. Anashinda. Anapeleka cheti. Anaambiwa hakina kazi.

Sijapata kumfanyia mtu jambo kama hili. Labda kwa sababu sikuwahi kuwa na nafasi.

Nimemwambia Festo kila kitu. Alikuwa anapanga mashati. Akasema, "Mke wangu, kesho kuna gari la boriti linakwenda Nyamisati." Akaendelea kupanga.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda misa. Saa moja asubuhi nimepanda gari la boriti, mbele, kati ya dereva na utingo. Linakwenda tupu kupakia. Njia ni tope tupu. Kufika bondeni likazama hadi ekseli. Utingo akakata majani, dereva akatukana, gari halikutoka. Nikashuka. Viatu mkononi. Nimetembea kama saa mbili na nusu.

Rehema hayupo. Kaenda na boti ya chanjo visiwani, atarudi maji yakijaa. Mama yake, Bi Mwanahawa, kanipokea barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwa miguu? Na mvua hii? Kuna nini?"

Nikasema nimeleta habari ya mtihani wa Rehema. Hakuuliza zaidi. Kanipa kanga kavu, kanipa chai, kanipa wali na papa. Jirani akapita, akamwambia, "Unamwona huyu? Katembea kutoka bondeni kwa ajili ya mwanangu. Dada kama huyu humpati siku hizi." Nikausogeza wali pembeni.

Saa kumi boti ikafika. Rehema akaja na sanduku la chanjo begani, miguu tope. Nimempa barua. Akaisoma amesimama. Yeye hakuhitaji kamusi.

"Hii imekuja lini, Dada Agnes?"

"Jumatatu."

"Leo Jumapili."

Nikasema ndiyo.

Akaikunja, akanirudishia. "Hukutaka niende."

"Nilitaka niende mimi. Nafasi ni moja."

Hakujua kuwa nafasi ni moja. Nikamweleza na hilo. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaingia ndani, akatoka na birika, akanijazia kikombe tena. Afadhali angenifukuza.

Rehema akauliza zahanati itabaki na nani akienda Dar. Nikasema mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nyamisati. Rehema kaondoka jana na pikapu ya samaki. Akifika Dar leo, kesho asubuhi yuko dirishani na fomu yake.

Wagonjwa: malaria, malaria, mkata mikoko aliyejikata ugoko kwa shoka, mtoto anayeharisha. Mkata mikoko kashonwa nyuzi saba bila kukunja uso. Akaniuliza nesi wao kahamishwa? Nikasema hapana, anarudi. Akasema, "Alhamdulillahi. Tulidhani mnatuchukulia."

Sikuaga kazini. Mganga mfawidhi wa Kibiti hajui niko wapi, ila nimemwagiza Rehema apite kwa Festo, naye amweleze.

Alhamisi, 6 Machi

Rehema amerudi. Amewahi. Kanikabidhi risiti niione, kisha kaichukua. Tumekabidhiana dawa, daftari, ufunguo. Kama maofisa.

Kibiti nimekuta barua ya onyo. Nimeistahili. Nimesaini kuwa nimeipokea.

Jumamosi, 15 Machi

Dar. Chumba kikubwa, feni tatu, meza zimetenganishwa. Kusikiliza: wanaongea upesi, lakini nimepata. Kusoma: makala kuhusu nyuki. Kuandika: grafu, kisha insha. Nilipogeuza karatasi ya insha zilibaki dakika ishirini na tano. Niliacha aya ya mwisho katikati. Kuongea: mzee mpole, kaniuliza kuhusu kazi yangu. Nimesema mengi.

Rehema alikuwa safu ya mbele. Alimaliza akafunika kalamu.

Nje tumekunywa soda. Kila mtu na yake. Akauliza grafu yangu ilikuwaje. Nikasema ilishuka. Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumanne, 8 Aprili

Matokeo. Kuandika nimepungukiwa nusu alama. Mengine yote nimevuka. Sharti ni kuvuka yote.

Rehema kavuka yote.

Nimesoma karatasi mara moja, nikaiweka kabatini. Nikapika. Festo aliponiona akajua, akawapeleka watoto wetu kwa jirani ili nilie. Sikulia. Nilihesabu zile siku sita nilizonyamaza. Ningenyamaza hadi zifike kumi, nafasi ingekuwa bado inanisubiri, ningerudia mtihani Juni. Nimewaza hivyo kwa muda mrefu, nikiwa nakoroga ugali. Siwezi kusema nilijuta kwenda. Siwezi kusema sikujuta.

Jumatano, 4 Juni

Viza ya Rehema imetoka. Leo kapita Kibiti na mama yake, wanakwenda Dar. Basi lilisimama robo saa. Nilitoka wodini na gauni la kazi.

Bi Mwanahawa kanikumbatia. Rehema tumeshikana mikono. Akasema, "Sijakusamehe siku zote sita, dada. Nne nimesamehe."

Nikamuuliza mbili zilizobaki lini.

"Nikizoea baridi."

Basi likaondoka. Nikarudi. Kulikuwa na dripu ya kubadilisha.

Jumatatu, 8 Septemba

Kliniki. Watoto wengi, mizani imeanza kukwama, nimeigonga ikaenda. Pantoni ya kuvukia mto pale Ndundu imesimama tangu jana, abiria wa kusini wamejaa barabarani, baadhi wamekuja kuomba dawa ya kichwa.

Saa nane amekuja binti mmoja, nesi wa kijiji cha Mkongo. Simjui. Anasema Rehema ameandika barua kwa mtu, mtu huyo kamwambia: kabla hujajiandikisha, mwone Sista Agnes wa Kibiti. Ni wa tatu mwezi huu. Alikuwa na fomu ndani ya mfuko wa plastiki, imejazwa tayari, amechagua wa kawaida.

Nikamwambia pale pale mlangoni, hajakaa bado. Wa chuo. Badilisha leo.

Akashukuru. Akauliza kama mimi niliufanya. Nikasema ndiyo. Akauliza nilipata ngapi, nikamwambia hilo pia. Kisha nikampa kiti, nikamwonyesha jinsi ya kuanza grafu.