Siku Moja ya Ganzi

Mpenzi Baba Salma,

Wewe ambaye mwiba wa samaki changu ulikulaza wiki nzima ukiusia watu, ndiwe uliyetoka chumba cha upasuaji ukiuliza kama wali umeiva.

Mimi nilijua kwa nini. Yule daktari wa ganzi, mgeni aliyefika hospitali ya Amu na kundi la madaktari wa kupita, alinieleza nilipomkazania. Alikuchoma sindano ubavu huu na huu, akiitafuta mishipa ya fahamu kwenye kioo cha mashine, ukuta wa tumbo ukalala. "Ukuta tu, Mama," akasema. "Kesho hivi utaamka." Mwenzake aliyeshika kisu alikuwa keshaniambia yake nyuma ya pazia: wamefungua, wameona hakuna la kufanya, wamefunga.

Jamaa wa kisiwani kwetu Ndau wakajaa. Unawajua watu wetu, ugonjwa huupima kwa mguno, asiyeguna kapona. Nawe ukaegemea mto, ukamkanya mdogo wako asiiguse ile mashine ya boti, utakuja kuifungua mwenyewe. Jirani yetu Mwana Esha akapiga makofi: "Yeo Bwana huyu yuwang'ara kama bwana arusi!"

"Basi nitafutie bibi arusi," ukamjibu, "huyu wangu amenuna."

Binti yetu Salma alicheka hadi akatokwa machozi.

Asubuhi ukuta ukaamka. Wewe ukauma shuka. Nikaenda kumtafuta daktari wa ganzi. Muuguzi akasema kundi limeshaondoka, na hapa hakuna mwingine aijuaye kazi ile. Akanipa vidonge, navyo vikafanya kazi ya vidonge.

Hata kabla hujazikwa, kina mama walishampata mkosaji. Mwana Esha alisifu bila kusema mashallah, ni jicho. Mpaka leo akiingia mahali, watoto hufunikwa. Nimewaeleza habari ya sindano hadi koo likanikauka, wakanitazama kama mjane aliyepungukiwa na akili. Juzi Salma naye akanikatiza: "Mama, usimtetee. Baba alikuwa kapona. Sote tulimuona."

Yeye ana siku moja ambayo baba yake alipona. Mimi nilikuwa papo hapo, kando ya kitanda, nakutazama ukicheka, na sina hata hiyo.

Pumzika, Baba Salma. Dua za kupona nimeziacha. Nakuombea rehema tu.

Mkeo aliyenuna,
Mama Salma