Mwanangu Si Mwizi

Jumanne, Ruhuwiko.

Mkopo wa mbolea nimenyimwa. Binti wa ofisi ya mikopo, shikamoo yenyewe kaitoa huku anatafuna bazoka, kaniambia jina langu chafu, nina deni la zamani la mkopo wa simu.

Mimi! Mimi niliyesimama kwenye mazishi ya mwanangu Damasi nikatangaza, anayemdai marehemu ajitokeze. Hakutokea hata mmoja. Nilirudi nyumbani nalia, lakini kichwa juu.

Kumbe alikopa kwa laini yangu, miezi ile anaumwa. Na mimi nikimuuliza hela ya dawa kaitoa wapi, ananijibu marafiki wamemchangia.

“Bibi, andika tu kwamba aliiba laini yako,” binti akasema nilipomweleza. “Jina lako litasafishwa.”

“Kaandike hivyo kwa baba yako. Mwanangu si mwizi.”

Nitauza mahindi ya kula, nilipe. Shamba la Maposeni nitalima bila mbolea, yaote ya njano, wacheke wanaocheka.

Damasi, mjinga wewe. Mabati haya ningeyang'oa nikayauza, nikalala na mvua. Ungeniomba tu, mwanangu. Ungeniomba.